Kabla ya Kufunga Sanduku, Uliza Mji



Sisi ni mafundi wa nguo za harusi. Tumemaliza skuli, tukasomea ushoni, tukafungua duka, na alhamdulillah riziki inapatikana. Chuo kikuu hatujakanyaga. Lakini mtu akitaka kujua wanawake wa kisiwa hiki wanahama vipi, asiende kuuliza uwanja wa ndege. Aje kwetu siku ya kupima. Kuanzia Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani ikikaribia, mabibi harusi hawakatiki, na bibi harusi akishasimama mbele ya kioo na pini ziko mabegani, husema yote.

Tunamuuliza, "Baada ya harusi unakwenda wapi?" Anajibu, "Nje." Nje wapi? "Arabuni." Arabuni mji gani? Hapo anacheka, anamgeukia mama yake, na mama naye anamgeukia shangazi. Rangi ya gauni la siku ya hina imejadiliwa wiki tatu. Idadi ya vitenge, mapazia na mashuka ya sandukuni inajulikana kwa moyo. Mji atakaoishi mtoto wao, atakaozalia, pengine atakaozikwa, haujulikani hata jina.

Tumenyamaza misimu mingi kwa sababu kazi yetu ni sindano. Sasa tunasema. Mwanamke anayeolewa ng'ambo ana haki ya kuuliza mji, kuujua mji, na kuukataa mji, na wakati wa kufanya hivyo ni kabla posa haijajibiwa. Anayemwambia anyamaze kwa sababu "mke humfuata mume" anatumia dini kufunika uvivu wa kuuliza.

Ndiyo, mke humfuata mume. Na mume amewajibishwa makazi na matunzo. Hayo mawili yanakwenda pamoja, hayakatwi kama kitambaa ukachukua upande unaoupenda. Hayo makazi yako wapi? Yana dirisha? Ni chumba kimoja na wanaume wengine wanne wanaochangia kodi? Haya si maswali ya jeuri. Mama mmoja alitwambia usoni kuwa kazi yetu ni kushona, si kuharibu posa za watu. Posa inayoharibika kwa swali la "utamweka wapi?" ilikuwa imeshaharibika kabla hatujaiona.

Wengine hutujibu, "Tumeshaswali istikhara." Masha Allah. Lakini istikhara haikuwekwa iwe badala ya kuuliza. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, eti anamtegemea Mungu, alifundishwa afunge kwanza. Kufunga ngamia katika jambo letu ni kupiga simu, kutaka kuona karatasi, na kumtafuta mwanamke anayeishi kule akueleze ukweli.

Tena wahamaji wa mwanzo wa umma huu hawakutupwa tu upande wa bahari. Tukumbuke Habasha. Mwaka wa tano wa utume, karibu na 615 kwa tarehe za Kizungu, Waislamu wa Makka walipozidiwa na mateso, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza wavuke bahari. Wamo wanawake katika safari hiyo, wakiwemo binti yake mwenyewe Bi Ruqayya pamoja na mumewe Sayyidna Uthman, na Bi Ummu Salama pamoja na Abu Salama. Kwa nini Habasha? Haikuwa nchi ya Kiislamu, mfalme wake alikuwa Mkristo. Haikuchaguliwa kwa dhahabu wala kwa majumba. Ilichaguliwa kwa sababu mfalme wake alijulikana kuwa hamdhulumu mtu. Na kweli, Makuraishi walipotuma wajumbe wenye zawadi ili warejeshewe watu wao, Najashi hakukubali kumtoa mtu kabla ya kumsikiliza, na alipowasikiliza akakataa kabisa.

Dada, hicho ndicho kipimo. Kwanza haki, mengine baadaye. Mji wa bahari uzuri wake haukusaidii ikiwa siku mumeo akifa, akikuacha, au akibadilika, huna karatasi, huna mtu, na huna pa kushitaki. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa kila bibi harusi si "kuna joto?" wala "kuna maduka?" Ni hili: ukaazi wako utaandikwa kwa jina la nani, na jina hilo likiondoka, utabaki na nini?

Sasa tuingie mjini.

Wengi wanataka Dubai, na wameitaka kwa simu. Mnara mrefu, bahari buluu, mwanamke wa abaya nyeusi ameshika kikombe cha kahawa yenye povu, basi moyo umeondoka. Picha haitoi jasho. Sisi Dubai tunaijua kwa miguu, tunakwenda Deira na kule Meena Bazaar, Bur Dubai, kununua lesi, satini na shanga. Tunaipenda kwa biashara. Kuishi ni jambo jingine. Kodi ya nyumba hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, na mwenye nyumba akikubali hundi chache tu kwa mwaka, mume lazima awe na kitita kabla hamjafungua mlango. Mwanamume anayetaka kumleta mke kwa udhamini wake anatakiwa awe na mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Dirham 4,000 ni kama dola 1,090. Fedha hizo kwa Darajani ni utajiri. Kwa Dubai ni mtu anayehesabu nauli. Kijana akisema "nakuchukua Dubai" na mshahara wake haufiki hapo, anakuchukua kwa viza ya matembezi, na ikimalizika utarudi kwenye chumba cha mama mkwe Mwanakwerekwe huku unawaambia watu umekuja likizo.

Lakini hatutaki kudhulumu mji. Dubai ina mambo mawili tunayoyasifu. La kwanza, mwanamke bila gari anaweza kutembea: treni ya mji ipo tangu 2009 na ina behewa la wanawake na watoto. La pili ni kubwa zaidi. Tangu 2018, Emirati humruhusu mjane na mwanamke aliyeachwa kuongezewa ukaazi wa mwaka mmoja bila mdhamini. Mwaka mmoja si mwingi, ila ni muda wa kukaa eda kwa heshima, kutafuta kazi, na kumaliza mwaka wa skuli wa watoto. Na mke aliye chini ya udhamini wa mumewe anaweza kufanya kazi mwajiri akimtolea kibali. Kama lazima iwe upande huo, tunasema Sharjah. Iko jirani kabisa, kodi ni nafuu, pombe imepigwa marufuku, na jioni ufukweni familia zinakaa na watoto wao bila kugeuza nyuso. Tatizo lake ni foleni ya magari asubuhi na jioni, maana nusu ya Sharjah inakwenda kufanya kazi Dubai. Mume atarudi kachoka. Mpikie.

Kwa bibi harusi asiye na ndugu popote, anayetoka nyumbani mara ya kwanza, sisi tunasema Muscat, na tutagombana na anayebisha. Si kwa sababu ya utajiri. Ni kwa sababu kule ukigonga mlango utajibiwa kwa Kiswahili. Oman na kisiwa hiki vina damu moja tangu Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Na baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita waliokuwa nje warejee, wengi walitoka huku na kwengineko Afrika ya Mashariki wakarudi na lugha yetu, mapishi yetu na utani wetu. Ukienda Mutrah au Seeb utamkuta bibi mzee anayekuuliza wewe mtoto wa nani, wa mtaa gani. Hilo si jambo dogo. Mwanamke aliyejifungua kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumkanda na kumpikia uji wa pilipili manga zaidi ya anavyohitaji mnara. Hata kofia wanazovaa wanaume wa kule, zile zenye matundu ya kudarizi, ni ndugu wa kofia zinazoshonwa na mama zetu hapa vibarazani, na mwenye mkono mzuri huuza huko kwa bei ambayo hapa haipati.

Na rial moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu. Mwanamke anayejua kuweka akiba ataona tofauti.

Lakini Muscat ina makali yake, na tunawasema waziwazi wale wanaoyaficha. Joto la Juni na Julai linapita nyuzi 40, na unyevu wa bahari juu yake. Mji wenyewe umenyooka kama utepe kati ya milima na bahari, kilomita nyingi, na hapana kutembea kwa miguu kutoka kwa shoga mpaka kwa shoga. Basi za mji zilianza upya 2015 na zimesaidia, hata hivyo mwanamke asiyejua kuendesha gari Muscat amefungwa nyumbani bila ya kufuli. Kwa hiyo tunasema, kabla hujafikiria gauni la pili la ukumbini, chukua leseni ya udereva. Utatakiwa mtihani wao kule, lakini mikono itakuwa imeshazoea. Fedha za gauni la pili ni zetu sisi mafundi, na bado tunakwambia hivyo.

La pili, viza ya kumfuata mume Oman si kibali cha kazi. Ukitaka kuajiriwa, utabadilishiwa viza. Na zipo kazi na biashara ambazo serikali imewawekea raia wake. Msichana anayetwambia "nikifika tu nafungua duka la kushona" tunamwambia aulize kwanza, leseni itakuwa ya nani, duka litakuwa la nani. Cherahani yako usiiweke kwa jina la mtu ambaye hujui mwisho wake.

La tatu linawahusu wanaoolewa na raia wa Oman wenyewe, na hapa tutasema kwa sauti. Kwa miaka mingi, Muomani aliyetaka kuoa mgeni alihitaji ruhusa ya serikali yake. Wapo waliokuja wakaoa huku bila ruhusa, ndoa ya likizo, mwezi wa kwanza asali, mwezi wa pili simu haipatikani, na mtoto akazaliwa bila karatasi za babake. Mwaka 2023 Sultan Haitham alitoa amri namba 23 iliyoondoa ruhusa hiyo. Basi kisingizio kimekwisha. Kama mwanamume anakwambia mpaka leo, "tufunge kimya kimya, nchi yangu inakataza," anakudanganya, au anamdanganya mke wa kwanza, au anawadanganya nyote wawili. Mwambie ndoa iandikishwe hapa na ithibitishwe kule, na asafiri nayo kabla hajasafiri nawe. Wazee wanaopokea mahari ya mtu wa namna hii bila kuuliza, kwa sababu ametia rial mezani, watajibu mbele ya Mungu. Hilo hatulipunguzi.

Na Salalah? Salalah ni kipenzi chetu, tunakiri mapenzi yanatupofusha kidogo. Kutoka mwishoni mwa Juni mpaka Septemba, wakati Arabuni yote inaungua, Salalah inanyunyiza mvua ya vumande, milima inakuwa kijani, na barabarani wanauza madafu, ndizi na mapapai kama uko Bububu. Ubani mwema tunaofukizia nguo za harusi unatoka jimbo hilo la Dhofar. Ila iko kilomita kama 1,000 kutoka Muscat, mji ni mdogo, kazi si nyingi. Mwenye mume aliyeshika kazi ya kudumu bandarini au serikalini, aende bila kusita. Mwenye mume "anayetafuta tafuta", asubiri.

Jeddah inatamaniwa kwa jambo moja ambalo hakuna mji wa bahari mwengine unaweza kushindana nalo: Makka iko kama kilomita 80 tu. Nani asiyetaka? Lakini Saudia imeweka ada kwa kila mtegemezi wa mgeni, na tangu 2020 ni riyal 400 kwa mwezi kwa kichwa. Mke na watoto wawili ni riyal 14,400 kwa mwaka, kabla hujanunua hata mchele. Kuna familia zimelazimika kuwarudisha wake nyumbani kwa ajili ya hesabu hiyo. Mume wako akisema Jeddah, mwombe kalamu na karatasi, mpige hesabu pamoja.

Tukivuka kwenda Ulaya, hapa mabishano huwa makali. Kuna masheikh wa mitandaoni wanaomtisha msichana kuwa kuishi huko ni kupoteza dini, na kuna mashoga wanaosema huko ndiko pepo ya mwanamke. Wote wawili wanatuchosha. Tulishataja Habasha. Na miji ya bandari ya Uingereza si migeni kwa Uislamu. Cardiff ina mabaharia wa Kiyemeni na Kisomali walioanza kufika tangu karne ya 19, wakaoa, wakajenga misikiti. Liverpool palifunguliwa msikiti mwaka 1889 na wakili Mwingereza aliyesilimu, Abdullah Quilliam. Hata Sultan wetu wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alipoondoka 1964 aliishia Portsmouth, mji wa bahari, akakaa huko zaidi ya miaka 50 kabla ya kuruhusiwa kwenda Oman mwaka 2020. Kwa hiyo utapata msikiti, utapata nyama ya halali, na utapata mtu wa kuzungumza naye lugha yako.

Utakachokosa ni jua. Disemba mjini Liverpool magharibi inaingia kabla ya saa kumi jioni, na Ramadhani ikiangukia Juni, saumu inakaribia saa 19. Bibi harusi aliyezoea baraza na jirani anaingia nyumba iliyofungwa madirisha miezi sita, mume kazini, theluji au mvua nje, hajui hata basi linapita wapi. Tumeshonea mabibi harusi waliotuma ujumbe mwezi wa Januari wakiuliza kama ni kawaida kulia bila sababu. Hiyo sababu ipo. Kama unakwenda huko, panga ufike mwezi wa nne au wa tano, uzoee mji ukiwa na mwanga. Anayekuharakisha ufike Novemba kwa sababu tiketi ni rahisi, mwache anunue yake.

Na karatasi za Uingereza zina uzito wake. Tangu Aprili 2024 anayemleta mke lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 ya zamani. Mke anafanya mtihani wa Kiingereza cha mwanzo. Akishapewa viza anaruhusiwa kufanya kazi, na hilo tunalisifu, kwa fundi ni mlango mkubwa. Lakini sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu limewaliza wengi. Nikaha iliyofungwa huko Uingereza sebuleni au ukumbini, bila kuandikishwa kiserikali, kwa sheria yao si ndoa. Mahakama ya Rufaa ya huko ilisema hivyo mwaka 2020. Mbele ya Mwenyezi Mungu wewe ni mke, na mbele ya hakimu wewe ni mgeni aliyekaa kwenye nyumba ya mtu, na siku ya kuachana hukumu ya nyumba na mali haikuhusu kama mke. Kwa hiyo funga ndoa yako hapa, kwa Kadhi, na cheti kiandikishwe, ndiyo upande ndege. Harusi ya pili huko ya kupiga picha, fanya ukitaka. Tutakushonea.

Upande wa kusini kuna vijana wetu wengi Durban, na posa zinatoka huko pia. Bahari ni hii hii ya Hindi, hali ya hewa ni nzuri, Waislamu wapo na misikiti mikubwa ipo. Kuna hata jamii inayoitwa Wazanzibari, wajukuu wa watu waliookolewa kwenye majahazi ya utumwa na kupelekwa Durban kuanzia 1873, wengi wao kwa asili ni Wamakua wa Msumbiji, na bado ni Waislamu hadi leo. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha kwa nguvu mpaka Chatsworth, na dini yao haikuhama. Tunawaheshimu. Ila hatuwezi kumpeleka msichana Durban kwa sababu ya historia tamu. Aprili 2015 wageni Waafrika walishambuliwa mjini humo, maduka yao yakavunjwa, watu wakauawa. Julai 2021 ghasia nyingine zikachoma maduka na maghala. Kijana mwenye karatasi kamili na kazi ya kueleweka, tutazungumza. Kijana anayeuza vitu kwenye kona bila kibali, akiwa anakimbia polisi, anataka mke wa kukimbia naye?

Wasomaji wetu wengine watasema tunatisha watu, kwamba mapenzi hayaulizi viza. Basi tuwakumbushe mwanamke wa kwetu aliyeifuata mapenzi mpaka mji wa bandari. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja 1866 akamfuata mfanyabiashara wa Kijerumani. Waliolewana Aden 1867 na wakaenda Hamburg. Alibadili dini pia, na hilo ni baina yake na Mola wake, hatuliingii. Tunaloliangalia sisi ni hili: mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Alibaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi, hana ndugu, hana ukoo wa kumpokea. Alirudi Unguja 1885 kudai urithi wake na nduguye Sayyid Barghash hakumpokea. Akaishi miaka mingi Beirut, mji mwengine wa bahari, na akafia Ujerumani 1924. Binti wa Sultan, dada! Miaka mitatu tu ya ndoa, na zaidi ya hamsini ya kuhangaika. Kama jina la kasri halikumsaidia, jina la mtaa wetu litatusaidia nini?

Na wapo wanaokwenda bila ya harusi, kwa kazi za ndani. Hao ni dada zetu pia, ingawa hawaji kupima gauni. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Emirati ilieleza pasi kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, kazi usiku na mchana, na kupigwa. Tumeitaja hapa kwa sababu ugonjwa ni ule ule: karatasi yako iko mkononi mwa mtu mwengine. Mke naye pasi yake aishike mwenyewe. Mume mwema hana haja ya kuifungia kabatini.

Sasa hilo la masharti, kwa sababu linaulizwa sana na linajibiwa kwa kupayuka. Ipo hadithi sahihi inayotilia mkazo kutimiza masharti yaliyowekwa katika ndoa kuliko masharti mengine yote. Kwa madhehebu ya Imam Ahmad, mke akishurutisha asihamishwe mji wake, sharti linamfunga mume, na akilivunja mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Kwa Imam Shafi, ambaye wengi wetu kisiwani tunamfuata, ndoa inaswihi lakini sharti kama hilo halimfungi mume. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa ukiandika tu "sitaki Durban" umemaliza. Nenda kwa Kadhi na walii wako, eleza mji unaopelekwa, uliza lipi linaweza kuandikwa likashika kwa madhehebu yenu. Mahari nayo si ya kitanda na kabati pekee. Sehemu yake inaweza kubaki deni juu ya mume, fedha zenye kutosha tiketi ya kurudi nyumbani wewe na watoto na kodi ya miezi michache. Hilo ni halali kwa kila madhehebu, na hakuna mshenga atakayelishangaa isipokuwa aliyetumwa na mtu mwenye la kuficha.

Mshenga akija, walii wako amuulize mbele ya wazee: mji gani, mtaa gani, mshahara kiasi gani kwa karatasi, viza ya aina gani, na namba ya simu ya mwanamke mmoja wa Kiswahili anayeishi mji huo ambaye si ndugu wa bwana harusi. Wakikupa, mpigie huyo mwanamke wewe mwenyewe, usiku akiwa peke yake, na umwache azungumze. Gauni linaweza kungoja wiki moja. Kitambaa hakiozi.